Nauza rahisi, nanunua ghali, na mnada ni ule ule

Assalaam alaikum mzee wangu,

Mimi ni mama wa watoto watatu, mkaazi wa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, na hufuata safu yako kila inapotoka. Tangu mamangu ahamie kwa dadangu Malindi mwaka jana, nimebaki na nyumba iliyojaa vitu visivyotumiwa na mtu, na binti yangu akanishauri nivinadi mtandaoni badala ya kumwita dalali aje avichukue kwa bei anayoitaka yeye. Nilijiandikisha katika jukwaa moja la mnada ambalo sitalitaja jina, na katika muda wa miezi miwili nimeuza kitu kimoja na kununua kimoja, na vyote viwili vimeniuma.

Cha kwanza kilikuwa cherehani ya mamangu, Singer ya kukanyaga kwa miguu, yenye meza yake ya mbao na stendi ya chuma. Niliandika "Cherehani ya zamani inauzwa, bado inashona", nikaweka picha moja niliyoipiga ukumbini jioni, na nikaanzisha mnada kwa shilingi 500 kwa sababu niliambiwa kwamba bei ndogo huvuta watu. Siku saba zilipomalizika, saa nane za usiku, walikuwa wamejitokeza watu wawili tu, na aliyeshinda aliichukua kwa shilingi 4,200. Alikuja na tuktuk, akainama akasoma namba iliyochongwa kwenye kitako cha mashine, akatabasamu, akaniambia tu kwamba inaanza na herufi Y. Wiki tatu baadaye niliiona cherehani ile ile katika jukwaa lile lile, imesuguliwa na kupakwa mafuta, ina picha nane, na iliuzwa kwa shilingi 11,500.

Cha pili ni friji. Nilikuwa nimejiwekea moyoni kwamba sitapita shilingi 13,000. Dakika kumi za mwisho tulibaki wawili, mimi na mtu ambaye kila nikipanda naye hupanda kwa mia tano. Simu mkono mmoja, mwiko mkono wa pili, nikashtukia nimeshinda kwa 19,500. Muuzaji yuko Likoni. Mwanangu wa kiume alikwenda kuilipia, wakailaza kwenye pikapu, wakavuka nayo feri, na tukaiwasha mara tu ilipofika kwa kuwa nilikuwa na samaki wa kuhifadhi. Juu inagandisha, chini haipoi, maziwa yanaharibika kwa siku moja. Tangazo lilisema kwamba "inafanya kazi bila tatizo lolote". Nilipompigia muuzaji alinijibu kwamba cha mnada hakirudishwi. Baadaye binti yangu akachunguza, akaona kwamba yule niliyekuwa nikishindana naye alijiunga mwezi ule ule, na hajawahi kuweka dau ila kwa vitu vya muuzaji huyo huyo.

Sasa limebaki kasha la nyanya yangu, la mbao nyekundu iliyoiva, lenye misumari ya shaba, alilopewa siku ya harusi yake na ambalo lilikuwa la mamake kabla yake. Niliweka picha tu, mnada haujafunguliwa, na mtu anayesema kwamba yuko Ulaya akaniandikia pembeni: atanipa shilingi 80,000 nikiliondoa mnadani, atamtuma wakala wake alichukue na kulisafirisha, ila nimtumie kwanza nakala ya kitambulisho changu. Kakangu anasema nikubali haraka kabla mtu huyo hajabadili nia.

Nieleze, mzee wangu: kwa nini nikiuza nauza rahisi na nikinunua nanunua ghali, ilhali mnada ni ule ule? Na hili kasha nilifanye nini?

Mama wa Kibokoni

Waalaykumu ssalaam, mwanangu.

Nitaanza na swali lako la mnada kuwa ule ule, kwa kuwa mengine yote yamefungwa ndani yake. Kwa miaka mingi, kabla simu hazijawa na kioo, nilikuwa karani katika chumba cha mnada, na kazi yangu ilikuwa kuandika bei na jina la mnunuzi kila mnadi alipogonga nyundo. Jambo nililoliona pale siku zote, na ambalo wanunuzi wengi hawakuliona hata walipokuwa wakilipa, ni kwamba bei haiwekwi na mshindi. Huwekwa na yule aliyeshindwa mwisho. Mtu anaweza kuja na elfu hamsini mfukoni kwa ajili ya kabati moja, lakini ikiwa anayemfuata anaishia elfu nane, basi kabati litakwenda kwa elfu nane na ushei, na zile elfu arubaini zitarudi nyumbani na mwenyewe. Mchumi mzaliwa wa Kanada, William Vickrey, alilieleza jambo hili kwa hesabu katika makala yake ya mwaka 1961, na mwaka 1996 akatangazwa mshindi wa Nobeli ya uchumi, siku tatu tu kabla ya kufariki. Madalali walikuwa wakilijua bila hesabu.

Sasa tazama mambo yako kwa jicho hilo. Ulipouza cherehani hukumpata mtu wa pili aliyejua anachokitazama, na ulipokuwa ukinunua friji ukampata mtu wa pili ambaye huenda hakuwa mnunuzi hata kidogo.

Cherehani kwanza. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na naamini walisema kweli kwa bidhaa inayoweza kushikwa kwa mkono. Mtandaoni, kizuri kisichoelezwa hakijiuzi. Mtu anayetafuta Singer huandika neno "Singer" kwenye kisanduku cha kutafutia, na tangazo lako halikuwa na neno hilo. Picha moja ya jioni haikuonyesha kama gurudumu linazunguka, kama mkanda wa ngozi upo, kama mbao zimeliwa na mchwa. Ile namba aliyoinamia mnunuzi wako ndiyo iliyompa tabasamu, kwa sababu herufi za mwanzo katika namba za Singer za zamani huonyesha kiwanda na kipindi, na Y ni miongoni mwa herufi za mashine zilizotoka Clydebank, Uskoti, katika kiwanda kilichofungwa mwaka 1980. Hapo nikuonye usije ukajilaumu kupita kiasi: mashine hizi zilitengenezwa kwa mamilioni, na ukongwe wake peke yake hauziongezei thamani kubwa. Yule aliyelipa 11,500 sidhani alilipia historia. Nadhani alilipia mashine inayoshona bila umeme, iliyosafishwa, na iliyoonyeshwa katika picha nane kwamba haina kilichopungua. Katika zile 7,300 alizopata mwenye tuktuk kuna kazi yake ya kusugua, kuna picha, kuna usafiri, na kuna ujuzi wake wa kusoma namba. Kazi ya picha na ya namba ungeiweza wewe mwenyewe kwa nusu saa ya mwanga wa asubuhi.

Kuhusu bei ya kuanzia, uliyoambiwa yana ukweli nusu. Bei ndogo huvuta watu pale ambapo watu wapo. Ikiwa kitu kinatafutwa na wengi, anza hata na shilingi 100, nao watapandishana wenyewe hadi mahali pake. Ikiwa wanaokitafuta ni wachache, na katika jukwaa la mji mmoja mara nyingi huwa wachache, shilingi 500 bila kiwango cha chini ni sawa na kuahidi zawadi na kuomba usihitajike kuitoa. Majukwaa mengi humruhusu muuzaji kuweka bei ya siri ambayo chini yake kitu hakiuzwi. Mengine hutoza ada kidogo kwa huduma hiyo, na ukiwa na kitu cha thamani ada hiyo isikukere. Na usiache tena mnada uishe saa nane za usiku. Saa ya kufunga huamuliwa na saa uliyofungua, kwa hiyo tangazo lililowekwa usiku watoto walipolala litafungwa usiku kama huo watu wakiwa wamelala. Mimi ningefungua Jumapili baada ya Isha, mwisho wa mwezi, mishahara ikiwa imeingia.

Kuna kisa kinachosimuliwa kuhusu eBay, jukwaa la mnada lililoanzishwa Marekani na Pierre Omidyar mwaka 1995. Kitu cha kwanza kuuzwa humo kilikuwa kifaa kidogo cha kuelekezea kwa mwanga wa leza, nacho kilikuwa kimeharibika, na kilikwenda kwa dola 14.83. Omidyar alimwandikia mnunuzi kumuuliza kama ameelewa kwamba hakifanyi kazi, naye akajibu kwamba yeye hukusanya vile vilivyoharibika. Nakutajia kisa hiki kwa sababu moja: tangazo lilisema kasoro waziwazi, na bado mtu wake akapatikana. Akina mama wengi wanaoniandikia huogopa kutaja ufa au kutu, kumbe anayejua atakachofanya na ufa huo ndiye atakayelipa.

Sasa friji, ambayo ndiyo iliyokuumiza zaidi. Ulijiwekea 13,000 moyoni, na moyoni ndipo mahali pabaya kabisa pa kuiweka bei, kwa kuwa moyo huo huo ndio unaopanda dau. Majukwaa mengi yana njia ya kuiambia programu kiwango chako cha mwisho mara moja, kisha yenyewe ikuwekee dau hatua kwa hatua. Tuseme dau la sasa ni 9,000, hatua ni 500, na wewe umeandika 13,000. Programu haitatangaza 13,000 yako. Itaweka 9,500 tu. Mwingine akija na 10,000, itapanda hadi 10,500. Akifika 13,500 itanyamaza, na wewe utapata ujumbe kwamba umepitwa, mwiko ukiwa bado mkononi na akiba yako ikiwa salama. Faida kubwa ya njia hii ni kwamba uamuzi unaufanya ukiwa umetulia, siku mbili kabla, baada ya kupita Makupa au Mwembe Tayari na kuuliza friji kama hiyo inauzwaje dukani. Wapo wanaosubiri sekunde za mwisho ndipo waweke dau lao ili wasimwamshe mshindani, na katika majukwaa yanayofunga kwa saa kamili mbinu hiyo hufaa, ingawa mengine huongeza dakika kila dau linapoingia mwishoni. Ukitumia njia yoyote kati ya hizo, kiwango chako kiandike kwenye karatasi na umpe binti yako aishike.

Je, yule mshindani alikuwa mtu wa muuzaji? Siwezi kumhukumu nisiyemwona, lakini dalili alizoziona binti yako ndizo zile zile ninazozijua tangu enzi za nyundo: mgeni asiye na historia, anayefuata vitu vya muuzaji mmoja, anayepanda kwa hatua ile ile bila kufikiri, na anayeacha ghafla pindi mwenzake anapoanza kuchoka. Dalili nyingine, ambayo hukuipata safari hii na ambayo inafaa uijue, ni muuzaji kukuandikia baada ya kushindwa kwamba "mshindi amekimbia, chukua kwa dau lako la mwisho". Mara nyingi aliyekimbia ni ndugu yake. Katika Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31 ya sheria za Kenya, muuzaji ambaye hakutangaza kwamba amejihifadhia haki ya kuweka dau haruhusiwi kujiwekea dau wala kumtumia mtu mwingine amwekee, na mnunuzi aliyefanyiwa hivyo anaweza kuuhesabu uuzaji huo kuwa wa hadaa. Kulithibitisha ndiyo kazi. Kwa hiyo usiende kwa muuzaji ukimwita mwizi. Peleka malalamiko kwa wasimamizi wa jukwaa, pamoja na picha za skrini za historia ya madau, kwa kuwa wao wanaweza kuona kama akaunti mbili zinatumia simu moja.

Hoja yako yenye nguvu zaidi ni tangazo. Kauli ya kwamba cha mnada hakirudishwi hupendwa sana na wauzaji, lakini haifuti maneno waliyoandika wenyewe. Sheria hiyo hiyo inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo yake, na "bila tatizo lolote" ni maelezo.

Hata hivyo, mwanangu, kuna jambo moja katika barua yako ambalo muuzaji akilisikia atalishika kwa mikono miwili, nalo ni kwamba friji ililazwa kwenye pikapu na kuwashwa papo hapo. Friji iliyolazwa inapaswa kusimamishwa wima na kuachwa kwa saa kadhaa kabla ya kuwashwa, ili mafuta ya kompresa yarudi mahali pake, na wapo mafundi wanaoiacha hadi siku ya pili yake. Mimi si fundi, na kwa akili yangu friji inayogandisha juu na kukosa baridi chini inaelekea kuwa na shida ya upepo kutoshuka, au njia yake kuziba kwa barafu, au mpira wa mlango, kuliko shida ya kompresa. Huo mpira unaweza kuupima mwenyewe leo: weka karatasi kati ya mlango na fremu, funga, kisha uivute. Ikitoka bila kushikwa, mpira umechoka. Rudia pembe zote nne. Kisha mwite fundi asiyejuana na muuzaji, mlipe ada yake ya kutazama, na umwombe aandike kwa mkono wake kasoro ni nini na kama ni ya zamani au ya safarini.

Ukiwa na karatasi ya fundi, tangazo, na ujumbe wa M-Pesa unaoonyesha malipo, mwandikie muuzaji kwa utulivu, umpe siku 14, na umpe chaguo mbili: agharamie matengenezo au arudishe sehemu ya fedha. Ningependa mwafikiane hapo. Akikataa, Mahakama ya Madai Madogo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2016 kwa ajili ya mambo ya kiasi hiki. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, inatakiwa kuamua ndani ya siku 60 tangu kesi ifunguliwe, na si lazima uwe na wakili. Ila pima kwanza: ikiwa fundi atasema kwamba shilingi 2,500 zinamaliza shida, sitakushauri uanze kuhesabu siku za mahakama.

Tuje kwenye kasha. Huyo wa Ulaya usimpe kitambulisho, na usiliondoe mnadani. Simsemi kwamba ni tapeli kwa sababu yuko mbali. Nasema kwamba kila anachokutaka ufanye kinaondoa ulinzi wako. Nje ya jukwaa hakuna historia ya madau wala msimamizi, na zaidi ya yote hakuna mtu wa pili, nawe umeshaona mtu wa pili ana kazi gani. Ikiwa kasha lina thamani ya 80,000 kwake, aje aiseme mbele ya wengine. Kuna mchezo ambao pengine ndio unaokusubiri: utaletewa ujumbe kwamba umelipwa 95,000 kwa makosa, kisha uombwe umrudishie "wakala" zile 15,000 za ziada, na wakati huo hakuna hata senti iliyoingia. Usiamini ujumbe, angalia salio lako mwenyewe, na kasha lisivuke kizingiti kabla ya hapo.

Lakini hata akiwa mkweli kama kitabu, lipo la sheria. Chini ya Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006, kitu kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895 huhesabiwa kuwa cha kale, na hakitolewi nje ya Kenya bila kibali. Milango na fremu zilizochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1946 zimewekewa ulinzi wake pia. Nakutajia kwa sababu najua nyumba za Kibokoni, na najua baada ya kasha atakayefuata ataulizia mlango. Kasha lililokuwa la mamake nyanya yako linaweza kuangukia upande wowote wa huo mwaka wa 1895. Mengi ya makasha yetu yaliletwa na majahazi kutoka India, mengine yakapigiwa misumari huku pwani, na mimi kwa picha siwezi kutofautisha. Unaishi hatua chache kutoka Fort Jesus, iliyo chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Piga picha mgongo wa kasha, bawaba, kufuli na misumari kwa karibu, nenda nazo pale uulize. Ukiambiwa kwamba ni la kale, waulize hapo hapo kama unaweza kumuuzia mtu aliye humu nchini, na ikiwezekana uandike hivyo kwenye tangazo ili usipoteze muda na wa ng'ambo.

Jambo jingine ni fupi ila lina uzito. Umesema kasha ni la nyanya yako. Hukusema kwamba ulipewa wewe. Kabla ya kulifungulia mnada, mpigie mamako Malindi, na umuulize kama mirathi ya nyanya iligawanywa na kasha likamwangukia nani. Kakako mmoja kukubali haraka hakumtoshi dada aliye mbali. Ni nafuu ndugu wazozane leo kuliko wazozane mnunuzi akiwa ameshalipa.

Na mama yako atakapotoa ruhusa, liondoe vyombo vyote, ukavute kale kasanduku kadogo kaliko ndani upande mmoja, kisha upapase chini yake. Makasha ya aina hiyo aghalabu huwa na droo za siri, na nikiwa karani nimewahi kuliandika moja katika daftari likiwa limeuzwa pamoja na hati ya nyumba ya watu, ambayo hakuna aliyejua kwamba ilikuwa humo.